Vibao vya Ndege ya Baba Haifa

Jumapili, 22 Machi

Idi imekwisha, wageni wamekwenda, masufuria bado yamelowekwa, na Baba Haifa amenipa habari mbili huku nimembeba Musab mkono mmoja na sponji iko mkono wa pili. Ya kwanza: kiwanda kilichotengeneza ndege yao kimefungwa. Ya pili: Idi ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, atampeleka Haifa angani. Ameshamwahidi, mbele ya mavyaa wangu, mama yake yeye, na wageni wote.

Nikamuuliza, "Kiwanda kimekufa, na wewe ndiyo unampakia mtoto?"

"Mambo mawili mbalimbali hayo, Mama Haifa."

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, nyeupe, nyepesi, wanaume wawili wanaisukuma kama mkokoteni. Ni yake yeye na Mitesh, mfamasia wa Edmonton, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Walikutana wakijifunza urubani. Mume wangu fundi wa treni, wiki nzima yuko chini ya mabehewa, basi siku ya mapumziko anataka kuwa juu. Hilo nimelikubali zamani. Wengine waume zao wanacheza karata.

Sasa kiwanda kilipokuwa hai, kiwanda ndicho kilichokuwa dhamana ya ndege. Dhamana imekufa, na ndege hairuki tena mpaka ihamishiwe kundi jingine, la ndege ambazo mwenye ndege ndiye dhamana. Waingereza wanaita permit. Mitesh anaita experimental, kama Wamarekani, kwa sababu neno hilo linamfurahisha. Kwa Kiswahili ni ndege ya majaribio, na Baba Haifa amenikataza nisilitamke mbele ya mama yake.

Na kuhama kundi kunataka vibao vipya ndani ya ndege. Cha spidi, cha uzito, cha mafuta, kila kimoja na mahali pake.

"Na wewe si ndiyo kazi yako kuchonga?" akasema, kama mtu aliyeniletea zawadi.

Nesi anayekuja kumpima Musab aliniambia niwe naandika yanayonikera, nisiyaweke kifuani. Haya, nimeanza.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Musab anaota meno. Sikulala. Aliyelala alikoroma.

Alhamisi, 26 Machi

Duka letu liko Stratford. Tunachonga funguo, tunabandika visigino, na mimi niko kwenye mashine ya kuchonga maandishi: majina ya mbwa, nambari za milango, vibao vya viti vya bustani vya kuwakumbuka marehemu. Mwenye duka ni Alnashir, mtoto wa Upanga, Dar es Salaam, anayependa kusoma kazi za watu kwa sauti.

"Siham, dada yangu. 'Marufuku kuvuta sigara.' Ndani ya ndege ya watu wawili. Mumeo anavuta?"

"Havuti."

"Mwenzake?"

"Mfamasia."

"Basi inakatazwa ndege yenyewe."

Nikacheka, maana mashine ilikuwa inakwenda vizuri. Plastiki hii juu nyeupe, ndani nyeusi. Sindano inakwangua nyeupe, herufi zinatoka nyeusi safi. Nikamaliza cha spidi, nikamaliza cha mafuta, nikafika cha mwisho. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, na kwa Kiswahili kinasema hivi: TAHADHARI KWA WANAOPANDA. NDEGE HII HAIKUTHIBITISHWA KWA VIWANGO VYA KIMATAIFA.

Nikaisimamisha mashine. Alnashir akadhani sindano imevunjika.

Jioni nikamwekea Baba Haifa karatasi mbele ya sahani yake.

"Maneno ya serikali tu hayo," akasema. "Hata boksi la Panadol lina maneno."

"Boksi la Panadol halimpandishi Haifa angani."

"Ndege ni ileile, Siham. Bolti zilezile. Kilichobadilika karatasi."

"Kama ni ileile, mbona inaandikwa?"

Akaomba pilipili.

Jumamosi, 28 Machi

Uwanja uko Essex, mbele ya Brentwood, nyasi tupu na kibanda cha chai. Upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Tulikwenda sote kwa sababu Haifa alisimama mlangoni amevaa buti na hakutaka kusikia lolote.

Nilipanda ndani kupima mahali pa vibao. Pembeni kwangu, mbele ya kiti cha abiria, Mitesh amebandika Ganesh mdogo wa shaba, na Baba Haifa amebandika dua ya safari, kubwa, yenye nakshi za dhahabu. Wamegawana ubao sawa kwa sawa kama ndugu wa urithi.

"Bhabhi, hapa hakuna nafasi tena," Mitesh akaniambia. Ananiita bhabhi, ndiyo shemeji kwao. "Mimi na mumeo Soud tumeomba kila Mungu anayehusika."

Akaja mkaguzi, mzee wa Kiingereza anaitwa Derek, miwani inaning'inia kwa kamba. Hakutuamkia. Aliinama chini ya bawa akakaa huko muda mrefu, akatoka, akamtazama mume wangu, akasema atarudi vibao vikiwa tayari. Basi. Kwa hilo tulivuka mto Thames pale Dartford na mtoto mchanga ndani ya gari.

Simpendi.

Jumamosi, 4 Aprili

Derek amevikataa. Nimeandika spidi kwa noti, maili za baharini kwa saa, kama karatasi ya Mitesh ilivyosema, na saa ya spidi ndani ya ndege inasoma kilomita, kwa kuwa ndege ilitoka Ulaya. Kibao na saa lazima viseme lugha moja. Rubani asije akapiga hesabu wakati anatua.

Ana haki. Ndiyo inayonikera zaidi.

Mitesh akasema pole bhabhi. Baba Haifa akasema ni kazi ndogo tu. Nikamwambia, "Ndogo kwako, wewe unayeibeba kwa mfuko wa plastiki."

Jumatatu, 6 Aprili

Skuli wamefunga. Mvua. Haifa amechora ndege kwenye kila bahasha ya nyumba hii, pamoja na ile ya council, serikali ya mtaa.

Jumanne, 7 Aprili

Mavyaa wangu, Bi Ummukulthum, anakuja kunishikia watoto siku za kazi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na mara nyingine namwomba Mungu huyohuyo anipe subira.

Leo nimerudi, nimeteremka basi, nasikia kengele ya moshi inalia kutoka kwenye ngazi. Nikapanda mbio. Jikoni kumejaa moshi wa ubani, Musab anapiga chafya, Haifa ameziba masikio, na mavyaa ameshika chetezo juu ya vibao vyangu.

"Mama, kuna nini?"

"Muulize mumeo. Haifa kanisomea, na maana yake hajui." Akakinyooshea kidole kile cha mwisho, hakutaka kukigusa. "Watu wanapanda chombo wanasema bismillahi. Nyinyi mnaandika kwamba hakikuthibitishwa! Mnajichuria kwa mkono wenu. Uchuro huo, mwanangu. Neno likishaandikwa linasikia."

"Ni sheria, Mama."

"Sheria haina mtoto."

Nikafungua dirisha, nikapeperusha taulo chini ya kengele mpaka ikanyamaza. Jirani wa chini, Mnaijeria, akapiga kelele kuuliza kama tupo salama. Nikasema tupo.

Ukoo huu ndivyo walivyo wote. Mume wangu hata ndani ya gari hasemi neno ajali. Barabara ikifungwa anasema, "Pale kuna lile jambo." Miaka yote nilikuwa naona ni utamu wake. Leo nilipokuwa nafuta majivu ya ubani kwenye herufi nilizozichonga mwenyewe, nikaona si utamu wote.

Ijumaa, 10 Aprili

Vibao vipya, kilomita. Alnashir ameniachia mashine wakati wa chakula cha mchana. Nimevimaliza. Vizuri, kusema kweli. Baba Haifa amevichukua akavibandike mwenyewe.

Jumanne, 14 Aprili

Homa ya meno. Nimekwenda kazini na blauzi nimeigeuza ndani nje na hakuna aliyeniambia mpaka saa ya kufunga.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika jikoni, chai imepoa, hasira bado.

Tulikwenda sote uwanjani kwa ukaguzi wa pili. Jua kidogo, nyasi zinameremeta. Derek akazunguka ndege, akagusa hiki, akagonga kile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akapanda, akakaa kiti cha abiria, akajifunga mkanda, akaweka mikono mapajani kama mgeni harusini.

"Mimi sasa ni abiria," akasema. "Onyo langu liko wapi?"

Baba Haifa akasema, "Lipo."

"Silioni."

"Inua mguu kidogo."

Derek akainua mguu.

"Ule wa pili."

Akainua wa pili. Akavaa miwani, akainama, akachungulia ubavuni mwa kiti, chini kabisa, kwenye upenyo ambao paja la mtu linaziba. Kibao changu kilikuwa pale. Hakuna akaaye akakiona. Ili ukisome inabidi uwe umeshateremka.

Mbele yake, mahali panapotakiwa, dua na Ganesh wamekaa raha mustarehe.

Derek hakupandisha sauti. Alisema dua anaziheshimu zote mbili na zinaweza kukaa popote, isipokuwa hapo. Akateremka, akaandika. Halafu akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Wewe ndiye uliyevichonga?"

"Ndiyo."

"Kazi safi. Mbona kimefichwa?"

Nilikuwa nimembeba Musab, Haifa amenishika koti, na mume wangu anatazama mawingu. Mitesh akaninong'oneza, "Bhabhi, mimi nilimwambia. Akasema hakiwezi kukaa mbele ya mtoto."

Tulirudi nyumbani. Nilisubiri mpaka Haifa amekwenda chuoni kusoma Kurani, Musab amelala. Nikafunga mlango wa jiko.

"Baba Haifa. Nieleze."

"Nini nikueleze? Kibao kipo. Sheria inataka kiwepo."

"Sheria inataka kionekane."

"Siwezi kumweka mwanangu mbele ya maneno yale. Safari yake ya kwanza, afumbue macho akutane na yale?"

"Lakini unaweza kumweka ndani ya kitu kinachosemwa na maneno yale."

"Unayageuza."

"Siyageuzi. Unataka apande, hutaki ajue. Hiyo ndiyo nisiyoitaka."

Akakaa. Akajipangusa uso. "Siham, mie nikiona yale maneno mkono wangu unakuwa mzito. Na Mama kila siku ananipigia. Nikikiweka mbele, nitaruka vipi?"

Hapo moyo ulitaka kulainika. Ana nyusi zilezile za Haifa akibanwa. Lakini nilikuwa nimemwona Derek ameinua mapaja mbele za watu, na ule ulikuwa mkono wangu umefichwa mle, kazi yangu.

"Basi sikiliza," nikamwambia. "Kibao kitakaa mbele. Na siku ya kumpandisha Haifa utamsomea, wewe, kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, mpaka aelewe. Akiuliza, utamjibu kweli. Ukimaliza, nitamfunga mkanda kwa mikono yangu na hutasikia neno kutoka kwangu. Ukishindwa, hapandi. Si Idi hii, si Idi nyingine."

"Sharti gani hilo?"

"Ndilo."

Alinitazama kama anayemtazama mtu wa forodha. Mimi nilikuwa nimetulia, maana nilijua. Mtu anayeiita ajali lile jambo hataweza. Nimeshinda, nikajiambia, bila hata kumnyima mtoto.

Jumapili, 19 Aprili

Hatusemi.

Jumatano, 22 Aprili

Tunasema ya maziwa na nepi.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua ya mawe. Hakuna aliyekwenda uwanjani. Mavyaa amekuja na sambusa na lawama. Sambusa zilikuwa nzuri.

Alhamisi, 30 Aprili

Nilipokuwa nakunja nguo nimemkuta Baba Haifa chumbani amesimama mbele ya kioo, midomo inakwenda. Nikadhani anasoma dua. Aliponiona akachukua kitana.

Jumamosi, 2 Mei

Nimechonga kibao cha onyo upya, herufi kubwa zaidi, na leo nimekwenda kukibandika mwenyewe. Ganesh amehamia upande wa rubani, juu kidogo, dua imehamia darini, ambako ukiniuliza ndiko kunakofaa, karibu na Mungu anayepelekewa. Mahali palipobaki nikapangusa kwa spiriti, nikabandika, nikashikilia mpaka gundi imekamata.

Derek akakaa tena kiti cha abiria. Alisoma polepole, kana kwamba hajapata kuyaona maneno hayo maishani mwake. "Sasa nimeonywa," akasema, na akatia sahihi.

Kisha akaniletea chai kibandani, na kwa mara ya kwanza akacheka, meno machache. Akaniuliza kama naweza kumchongea kibao cha birika lake: birika hili halikuthibitishwa kwa kiwango chochote. Nikasema naweza. Nikamwuliza na yeye swali langu. Wajukuu wake je, aliwapandisha?

"Wawili ndiyo. Mmoja alisoma kibao, akasema hapana, akaenda kula barafu."

"Ukamwacha?"

"Nikamlipia barafu."

Njia nzima nimekuwa nikimfikiria yule aliyesema hapana.

Jumanne, 5 Mei

Kibao cha birika la Derek tayari. Alnashir anataka cha kwake: "Mke wangu hakuthibitishwa." Nikamwambia nitakichonga siku atakapothubutu kukibandika.

Jumamosi, 9 Mei

Leo ndege imejaribiwa. Anayeijaribu hawezi kuwa mwenye ndege asiye na uzoefu wa kazi hiyo, basi akaja rubani mmoja mwanamke mwenye mvi, peke yake ndani, mfuko wa mchanga kwenye kiti cha abiria badala ya mtu.

Ilipopanda, Baba Haifa alikuwa amesimama nami kwenye ua wa waya. Aliushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi na umelowa. Siku zote nilidhani woga ni wangu mimi na mama yake, na yeye ana ukaidi tu. Kumbe anaogopa kutushinda. Anakwenda juu na woga wake kila mara, na kila mara anarudi nao, anauweka gereji pamoja na buti.

Nilitaka kumwambia tuachane na lile sharti. Na ndipo nikafikiri: kama anaogopa hivi, ndiyo zaidi aseme.

Sharti likabaki. Rubani alitua, akasema ndege inavuta kushoto kidogo, warekebishe.

Jumamosi, 16 Mei

Karatasi ya permit imefika. Mitesh ametuma picha yake mara tatu kwa WhatsApp. Mavyaa ameuliza kama karatasi inaonyesha Haifa atapanda lini, maana Wete nzima, kule kwao, inauliza.

Jumanne, 19 Mei

Upele wa joto kwa Musab. Krimu. Mashine ya kufulia imekataa kumwaga maji. Nayo hiyo ingepata kibao.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Tulisali ukumbini, wanaume mbele wakibanana, watoto wakikimbia na baluni. Nyumbani biriani, kaimati, mavyaa amevaa kanzu yake ya kijani. Haifa alivaa gauni la Idi na juu yake koti la uwanjani, na hakulivua hata wakati wa kula.

Nje upepo wa kupasua miavuli. Baba Haifa alitoka kibarazani mara kwa mara kutazama miti. Mwishowe akapiga magoti mbele ya Haifa akamwambia leo haiwezekani, upepo.

Haifa akamjibu kwa Kizungu kwamba aliahidi.

"Nimeahidi. Na upepo haukuahidi."

Akalia. Mavyaa akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi." Nikagundua kuwa na mimi nilikuwa nimeshasema hivyohivyo moyoni, na nikaona haya mbele ya mtoto.

Jumamosi, 30 Mei

Upepo umekufa. Nilipofungua pazia asubuhi hata jani halitikisiki, na nikajua.

Mavyaa alikataa kuja. Alimsomea Haifa dua, akampulizia utosini, akaniambia, "Wewe mama yake. Wewe unajua." Maneno matamu haya, na mazito kama gunia.

Uwanjani Mitesh alikuwa ameshaitoa ndege nje, ameipangusa mpaka inang'aa. Derek alikuwepo pia, ati amekuja kwa ajili ya chai. Aliukagua mkanda na mto maalumu wa kumwinua mtoto kitini, akavuta hapa na pale, akarudi nyuma.

Baba Haifa akampandisha Haifa juu ya bawa, wakasimama mlangoni. Mimi nilikuwa chini yao, Musab yuko mgongoni kwa Mitesh kwenye kibebeo. Nilingoja mume wangu ageuke aniambie, "Siham, tafadhali." Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema haidhuru, tutakuja siku nyingine, twende tukale barafu.

Hakugeuka. Aliweka kidole kwenye kibao.

"Haifa, sikiliza Baba. Haya maneno Mama ameyachonga, ni ya kwako. Yanasema: Tahadhari kwa wanaopanda. Ndege hii haikuthibitishwa kwa viwango vya kimataifa."

Alisoma neno kwa neno. Ndipo nikajua mbele ya kioo siku ile alikuwa anasoma nini.

"What does that mean?"

"Maana yake hakuna mkubwa yeyote, wala kiwanda, aliyesema kwamba ndege hii ni salama. Tumesema sisi tu. Mimi na Mitesh na Derek."

Haifa alifikiri. "So it could crash?"

Mitesh aliacha kumrusharusha Musab. Mume wangu akamshika Haifa mikono yote miwili.

"Inaweza kupata ajali," akasema. "Ndiyo. Nimeikagua yote, kila mahali. Na bado inaweza. Ukitaka kwenda, twende. Ukisema hapana, ni hapana, na Baba hatakasirika."

"Mama anasemaje?" Hilo alilisema kwa Kiswahili. Haulizi mara nyingi kwa Kiswahili.

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeahidi kwamba hatasikia neno kutoka kwangu. Nilijifunga mwenyewe, kwa kamba niliyoisokota mimi nikidhani namfunga mwingine.

"Baba amekwambia kweli," nikasema. "Mimi sina la kuongeza."

"Okay," akasema Haifa, akainua mikono apakiwe.

Nikapanda kwenye bawa. Nikamkalisha kwenye mto, nikapitisha mikanda mabegani, nikaifunga kifuani, nikavuta. Nikavuta tena. Nilinusa ubani wa nyanyake kwenye nywele zake. Akasema, "Mama, you're squashing me." Nikaulegeza kidogo, kidogo sana, nikambusu, nikateremka bila kumtazama baba yake, kwa kuwa ningemtazama ningeivunja ahadi.

Walikwenda. Nyasi zililala, magurudumu yakanyanyuka, wakawa juu ya miti, wakawa kitu cheupe, wakawa sauti, halafu hata sauti hakuna.

Simu ikalia. Mavyaa.

"Wamepanda?"

"Wamepanda."

"Na wewe ukawaacha?"

"Nimemfunga mwenyewe, Mama."

Nikasikia pumzi yake, kisha tasbihi ikaanza, taratibu, na hakukata simu, na mimi sikukata. Derek aliniletea chai nikaishika. Mitesh alikuwa anamwonyesha Musab upande ambao hapakuwa na kitu. Nilimchukia kila mtu aliyekuwepo pale, mmoja mmoja, na mwenye herufi safi, mimi mwenyewe, nikamchukia zaidi.

Kisha Mitesh akasema, "Bhabhi. Kule."

Walitua vizuri. Ndege ilidunda kidogo, ikakaa, ikaja ikitingishika kama bata. Nikaenda mbio kabla propela haijasimama na Derek akanishika koti kwa nguvu, akanivuta nyuma, akanikaripia. Sawasawa. Iliposimama nikapanda.

Haifa alikuwa mwekundu mashavu, macho yanawaka. Ameona mto Thames, ameona magari kama chawa, ameona paa la skuli, si lake lakini skuli. Alizungumza bila nukta. Nikamfungua, nikampapasa mikono, miguu, kichwa, kama nanunua mbuzi.

Baba Haifa hakuteremka. Injini imezimwa, mikono yake bado imeshika usukani, jasho limeteremka mpaka kwenye kola.

"Soud," nikamwita kwa jina lake.

"Miguu inakuja," akasema. "Ngoja kidogo." Kisha akasema, polepole, akitazama mbele, "Njia nzima nilikuwa naisikia sauti yangu. Kila injini ikibadilika, najisikia nikimwambia inaweza, inaweza. Siku zote nilikuwa naruka mimi na chombo tu. Leo nimeruka na yeye."

Nikamshika bega. Shati limelowa kama limetoka kwenye ndoo.

Nyuma yangu Haifa alikuwa anarukaruka juu ya nyasi.

"Again, Baba! Again!"

"Hapana," tukasema, yeye ndani na mimi nje, kwa pamoja, sauti moja.

Tulitazamana. Tangu Machi hatujapata kukubaliana hivyo hata juu ya chumvi. Haifa akatutazama yeye naye, mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna mlango uliobaki wazi, akajitupa chini.

Alilia kibandani, alilia kwenye gari, alilia juu ya daraja la Dartford lote, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.